Muulize Shangazi: Kabla Hujaacha Wanga, Weka Dawa Zako Mezani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kuacha wanga, kula nyama, kupunguza mwili. Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari kwa miaka 27 kabla sijastaafu, na ulaji huu nimeuona ukija, ukipotea, kisha ukirudi kwa jina jingine. Siupingi. Umewafaa wengi, na mimi mwenyewe ulinifaa kwa kiasi chake, nitaeleza kwenye barua ya mwisho. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika anataka kuanza Jumatatu, na jinsi alivyopanga kuanza kunanitia hofu.

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 48 na kilo 108. Nina kisukari mwaka wa tisa huu, na presha. Natumia glibenklamidi asubuhi na jioni, metformini, na vidonge viwili vya presha, kimoja kinanikojoza sana. Mdogo wangu, ambaye hana ugonjwa wowote, ameacha wanga kabisa, anakula nyama na mayai, na kwa miezi miwili amepungua kilo 11. Nimeamua kuanza Jumatatu. Daktari nitamwona baada ya miezi mitatu, nataka nimshangaze kwa matokeo. Naomba baraka zako.
*Mwenye Nia*

Marahaba, mdogo wangu. Nia yako naibariki. Hiyo Jumatatu siibariki, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujanunua kitu.

Kazi ya glibenklamidi ni kuisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoishusha sukari ya damu. Inaisukuma uwe umekula sahani nzima ya wali, uwe umekula mayai mawili, uwe hujala kitu. Dozi unayomeza leo ilipangwa kwa mtu anayekula mkate asubuhi na wali jioni. Ukiuondoa wanga wote kwa siku moja, insulini inaendelea kutoka kama jana, lakini ile sukari iliyokuwa ikiisubiri haimo tena kwenye damu. Sukari itashuka, na inaweza kushuka ukiwa usingizini.

Kuna mwalimu mstaafu nilimpokea alfajiri moja, ameletwa na binti yake. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, shati limelowa jasho, anajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Sukari yake ilikuwa 1.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Alikuwa na siku nne tangu aache wanga, na vidonge vyake alikuwa amemeza vyote kwa uaminifu, kama alivyoagizwa. Tulimtundikia dripu ya glukosi akazinduka. Baada ya saa mbili akashuka tena, kwa sababu dawa ile inaweza kukaa mwilini ikifanya kazi hadi siku nzima. Ilibidi alazwe. Alipopata nguvu aliniambia, "Sista, nilitaka nije kliniki mkanipongeze." Maneno hayo sijayasahau. Miaka yote aliyokuja kwetu hakuna aliyewahi kumweleza kwamba dawa ile inategemea kilichomo kwenye sahani. Hilo lilikuwa kosa letu, si lake.

Kwa hiyo leo jioni toa pakiti zako zote, ziweke mezani, uzisome majina. Glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi ni ndugu. Zote zinaweza kukushusha sukari ukipunguza wanga ghafla. Insulini vilevile, na zaidi. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Ukikuta jina linaloishia na "gliflozini", kama dapagliflozini au empagliflozini, hapo nakusihi usiguse mpango wa wanga kidogo kabisa bila daktari: dawa hizo pamoja na ulaji huu zinaweza kuifanya damu iwe na asidi kali ya ketoni, yaani kile mwili unachotengeneza ukichoma mafuta, huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha. Mgonjwa anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, na nyumbani wanamwambia ni chakula kimemkataa.

Kile kidonge chako cha kukojoza nacho kina habari yake. Wanga ukipungua, insulini inapungua, na figo zinaachia chumvi na maji mengi katika siku za mwanzo. Kidonge nacho kinatoa chumvi na maji. Viwili hivyo pamoja na kile kidonge kingine cha presha vinaweza kukuangusha unapoinuka kitini.

Usingoje miezi mitatu. Nenda wiki hii, umwambie daktari hivi: "Nataka kupunguza wanga kuanzia tarehe fulani, hadi gramu kadhaa kwa siku. Dawa ipi ipunguzwe siku hiyohiyo, na nipime sukari mara ngapi?" Mara nyingi dawa za kundi la glibenklamidi hupunguzwa au husimamishwa siku ile ile ya kuanza. Uamuzi huo ni wa daktari. Usijikatie dozi mwenyewe. Akikuambia upuuzi wote huo uache, mwombe akueleze kwa nini, maana mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi katika kushusha sukari ya mgonjwa wa kisukari. Unachokitaka kina msingi. Ninachokupinga ni kukifanya kwa siri.

Na ukiruhusiwa, anza kwa kushuka ngazi. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 15 za wanga, kikombe cha wali uliopikwa 45, kiazi cha wastani 30, soda ya mililita 330 karibu 35, tena hizo za soda ni sukari tupu. Wiki ya kwanza ondoa sukari ya kunywa tu, yaani soda, juisi na ile ya kwenye chai. Wiki ya pili punguza wali na mkate uwe chini ya gramu 130 kwa siku. Watu wengi wa kliniki yangu waliona mabadiliko hapo hapo, hawakuhitaji kufika kwenye gramu 20.

Wafundishe walio nyumbani dalili: jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo. Ukipima ukakuta chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Ukiwa umezimia, mtu asikutie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Niandikie tena ukishaonana na daktari. Nitasubiri barua yako kweli.

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, nanyanyua vyuma. Nimeanza kula nyama tupu, nimechagua safi: kifua cha kuku bila ngozi, kilo moja na nusu kwa siku, nimechemsha. Leo siku ya sita. Naharisha, kichwa kinauma, nasikia kichefuchefu, na ajabu ni kwamba njaa haiishi. Mwili unajisafisha?
*Mnyanyua Vyuma*

Hapana, mwanangu. Mwili unakuomba mafuta.

Mwaka 1928 msafiri mgunduzi wa nchi za barafu Vilhjalmur Stefansson na mwenzake Karsten Andersen walikubali kula nyama tupu kwa mwaka mzima mbele ya madaktari, wakianzia hospitali ya Bellevue mjini New York. Stefansson alikuwa ameishi miaka mingi na Wainuit, wenyeji wa nchi hizo, akila wanachokula. Madaktari walimwomba aanze na mnofu usio na mafuta. Haikuchukua siku nyingi akaanza kuharisha na kujisikia vibaya, sawasawa na wewe. Walipomrejeshea nyama yenye mafuta, akapona. Katika mwaka ule sehemu kubwa ya nguvu yao, zaidi ya robo tatu, ilitoka kwenye mafuta. Wawindaji wa kaskazini wana jina la ugonjwa wako. Wanauita njaa ya sungura, kwa kuwa sungura wa majira ya baridi hana mafuta, na mtu anaweza kumla hadi ashibe akazidi kudhoofika.

Sababu ni hii. Kifua chako cha kuku kilo moja na nusu kina zaidi ya gramu 300 za protini. Protini inapogeuzwa kuwa nguvu huacha naitrojeni, na ini lina kasi yake ya kuigeuza kuwa urea ili figo ziitoe. Ukizidisha kasi hiyo, unaugua. Umeondoa wanga, umeondoa mafuta, umebakiwa na tofali bila udongo wa kuliunganishia. Kichwa nacho kinauma kwa ile chumvi na maji niliyomweleza Mwenye Nia.

Acha leo. Kunywa maji yenye chumvi kidogo au mchuzi, punguza nyama hadi theluthi moja ya unayokula, na ule vyenye mafuta: samaki wa mafuta, mayai mazima na kiini chake, kuku na ngozi yake, parachichi. Ukiona damu chooni, au kuharisha kukipita siku mbili, nenda hospitali.

Sasa niseme maoni yangu, uyachukue au uyaache. Kupunguza wanga nakuelewa. Kufukuza mboga za majani sikuelewi. Gramu mia moja za spinachi zina wanga usiofika gramu nne, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki sukari. Utakuwa umetupa dawa ya choo na vitamini C kwa ajili ya gramu zisizofika mbili.

Shangazi mpendwa, nina miaka 37. Wiki ya kwanza ya kuacha wanga nilipungua kilo 4.2, nikalia kwa furaha. Wiki tatu zilizofuata nimepungua gramu 300 tu. Sijadanganya hata siku moja. Nimekosea wapi?
*Niliyekwama*

Hujakosea, mama. Kilichokudanganya ni wiki ile ya kwanza.

Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kwa jina glaikojeni, jumla yake kama gramu 500 kwa mtu mzima. Kila gramu hukaa na karibu gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji yake yanatoka. Hapo kilo mbili zimeondoka na mafuta hujayagusa. Ongeza maji yaliyofuata chumvi, ongeza chakula kilichopungua tumboni, unafika kwenye 4.2 yako. Nilishuhudia wanawake wengi wakivunjika moyo wiki ya tatu kwa sababu walipima maisha yao yote kwa wiki ya kwanza.

Nikupe kipimo kingine. William Banting alikuwa fundi wa majeneza na mwendesha mazishi mjini London, mnene kiasi kwamba hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Daktari William Harvey alimwondolea mkate, sukari, bia na viazi, akampa nyama na samaki kwa wingi pamoja na mboga, matunda na kipande kidogo cha mkate mkavu. Mwaka 1863 Banting alichapisha kijitabu kueleza yaliyompata, na watu wengi wakamfuata. Kwa jumla alipungua ratili 46, karibu kilo 21, kwa muda wa mwaka. Igawe kwa wiki 52: gramu 400 kwa wiki. Huyu ndiye aliyeifanya njia yako ijulikane duniani, na ndiyo kasi yake.

Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, na ulinganishe wiki ile ile ya mzunguko wako wa mwezi, maana siku za kukaribia hedhi maji hujaa. Chukua na futi ya fundi cherehani upime kiuno. Halafu angalia mafuta unayoongeza. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga ina nne. Wengi wakisikia mafuta yameruhusiwa wanaanza kuyamimina, na karanga zinaliwa kwa viganja mbele ya televisheni. Ulaji huu unapunguza mwili hasa kwa sababu protini inashibisha na vyakula vingi vitamu vimetoka mezani, mtu anakula kidogo bila kujilazimisha. Ukila hadi zaidi ya shibe, hautakusaidia.

Na kama wewe ni mtu wa kukosa raha bila wali, haujafungiwa mlango. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa miezi 12: waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta 5.3, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Wote waliambiwa waache sukari na unga uliokobolewa, wale mboga kwa wingi. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Chagua ile utakayoiweza mwaka kesho pia.

Shangazi, tangu niache wanga mdomo unanuka kama rangi ya kucha. Nasugua meno mara nne kwa siku.
*Mwenye Haya*

Usijione mchafu. Mwili wako unachoma mafuta na kutengeneza ketoni, na moja kati ya hizo ni asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha. Inatoka kwa pumzi, mswaki hauifikii. Wengi hupungukiwa nayo baada ya wiki chache. Kunywa maji zaidi, na ukiongeza gramu 20 au 30 za wanga kwa siku huenda ikatoweka kabisa. Ila kama una kisukari, na harufu hiyo imekuja na kutapika au kuhema kwa nguvu, usisome barua yangu tena, nenda hospitali sasa hivi.

Shikamoo Shangazi. Mtoto wangu ana miezi mitatu, ananyonya maziwa yangu tu. Nguo hazinitoshi. Naweza kula nyama na mayai bila wanga kwa miezi miwili tu?
*Mama Mpya*

Marahaba mwanangu, hongera. Hapana. Maziwa yako yana sukari yake, na mwili unaitengeneza usiku na mchana. Wako akina mama wanaonyonyesha waliolazwa damu imejaa asidi ya ketoni baada ya kuacha wanga, nao hawakuwa na kisukari. Ondoa soda na vitamu, kula nyama, mayai na mboga ushibe, na wali au kiazi kibaki kwenye kila mlo. Nguo zitakusubiri.

Shangazi, mume wangu ana miaka 44. Mwaka mzima anakula nyama, siagi, mayai, soseji na bekoni. Amepungua kilo 14, presha imekaa sawa, na mafuta ya damu yale ya trigliseridi yameshuka. Lakini kolesteroli ya LDL, ile wanayoiita mbaya, imepanda kutoka 3.1 hadi 6.4. Anasema amesoma kwamba LDL haina maana kama umepungua. Nikizungumza ananiambia namwonea wivu. Nifanye nini?
*Mke Anayeogopa*

Dada yangu, wivu huo nauelewa, na si wivu.

Nilipokuwa na miaka 46 nilikuwa na kilo 91 na sukari ilianza kupanda. Nilikula nyama, mayai na siagi kwa miezi mitano. Nilifika kilo 79. Magoti yaliacha kuuma, nililala usingizi wa moja kwa moja, na sukari ikarudi chini. Nilipika vyungu viwili kila siku, kimoja cha nyumba na kimoja changu, na nilikuwa tayari kupika viwili hadi kufa. Kisha majibu ya damu yakaja: LDL kutoka 2.9 hadi 4.8. Niliyaficha kwenye mkoba wiki tatu. Mimi, niliyewasomea wagonjwa namba hizo kila siku, nilizificha, kwa sababu sikutaka kuambiwa niache kitu kilichonipa mwili wangu. Baba yangu alikufa kwa moyo akiwa na miaka 58. Hilo ndilo lililonifanya niyatoe.

Kwa hiyo usimwambie mumeo kwamba amekosea. Kilo 14 ni kazi kubwa, na presha iliyotulia ni faida ya kweli, mpongeze kwanza. Halafu mwambie kwamba LDL haisubiri ruhusa ya kiuno. Watu wanaozaliwa na LDL ya juu kwa kurithi hupata mshtuko wa moyo mapema hata wakiwa wembamba, na dawa zinazoishusha hupunguza mishtuko hiyo. Namba ya 6.4 ni ya kuonyeshwa daktari mwezi huu.

Kupungua alikopata si lazima akupoteze. Mimi nilibaki na wanga kidogo, nikabadilisha mafuta. Siagi na nyama yenye mafuta mengi niliviweka pembeni, nikaleta samaki, mafuta ya mimea, parachichi, njugu, na nikarudisha maharage na mboga kila siku. Baada ya wiki nane LDL ilisoma 3.2. Uzito ulirudi kilo mbili, nikaukubali, na chungu kikawa kimoja.

Soseji na bekoni ningeanza nazo kuziondoa. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama za kusindika katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu; gramu 50 zikiliwa kila siku, uwezekano wa saratani ya utumbo mpana unapanda kwa asilimia 18 kulinganisha na asiyekula. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Nyama freshi ya kawaida mara chache kwa wiki haininyimi usingizi. Soseji za kila asubuhi kwa mwaka mzima, hizo ndizo ningezizungumzia.

Mwombe wiki nane tu. Asirudishe mkate wala wali kama hataki. Abadilishe mafuta, aondoe soseji, apime tena damu asubuhi akiwa hajala. Namba ikishuka, ataona mwenyewe kilichoipandisha. Isiposhuka, daktari azungumze naye habari ya dawa, na wewe uwepo chumbani siku hiyo, umekaa upande wake.